Kitabu cha Rangi ya Chungwa Kimefika Vugiri

Tarehe 15 Agosti 1983, kituo kichanga cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kilichokuwa chini ya shirika la NSA, kilitoa kitabu chenye jina refu la kiofisi: Vigezo vya Kutathmini Mifumo ya Kompyuta Inayoaminiwa. Jina hilo halikumkaa mtu mdomoni. Jalada lilikuwa la rangi ya chungwa, basi watu wakakiita Kitabu cha Chungwa. Vikafuata vitabu vya ufafanuzi, kila kimoja na rangi yake, chekundu cha mitandao, kijani cha nywila, mpaka ukoo mzima ukaitwa Mfululizo wa Upinde wa Mvua.

Najua hapa tumezoeana kwa riwaya na diwani. Lakini hiki nacho ni kitabu, na kina maisha ya ajabu kuliko riwaya nyingi nilizosoma mwaka huu. Kilizaliwa jeshini, kikatawala biashara ya kompyuta kwa zaidi ya miaka 10, kikastaafishwa, na bado hakijazikwa: vitabu vya kujiandaa na mtihani wa CISSP, ule wa wataalamu wa usalama wa taarifa, vinaendelea kukibeba kama mzimu wa babu. Ndivyo kilivyofika Vugiri.

Vugiri iko juu ya Korogwe, Usambara, kwenye chai na ukungu. Mkonge uko chini, tambarare. Mtoto wa mama yangu mdogo, fundi wa mitandao huko Dar, alichukua likizo akapanda kule kujisomea, maana mtihani anaulipia mwenyewe kwa dola, na akifeli analipa tena. Akawa ananitumia sauti usiku, mtandao ukitulia. "Dada, hizi C2 na B1 nazikariri kama majina ya mawaziri wa zamani. Nazijua, lakini sijui walifanya nini." Kazi yangu ni kuuliza watu walifanya nini. Nikaanza kusoma.

Mwanzoni mwa kompyuta usalama ulikuwa ni mlango. Mashine ilijaa chumba, ilifanya kazi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na ukitaka kuilinda unaweka kitasa na askari. Miaka ya 1960 mambo yakabadilika: mashine moja ikaanza kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja mbele ya kituo chake. Sasa luteni mwenye kibali kidogo na jenerali mwenye kibali kikubwa wanatumia kumbukumbu ileile. Kitasa cha mlango hakisaidii tena, kwa sababu mwizi yumo ndani kihalali, na kiti amepewa.

Kamati iliyoongozwa na Willis Ware iliandika juu ya hatari hiyo mwaka 1970, na ripoti yenyewe ikafanywa siri kwa miaka kadhaa. Mwaka 1972 James P. Anderson akaliandikia Jeshi la Anga ripoti iliyokwenda mbali zaidi. Wazo lake kuu lilikuwa mlinzi mmoja ndani ya mashine, mwenye sifa 3: hachezewi, hakwepeki, na ni mdogo kiasi kwamba binadamu anaweza kumkagua wote, kichwa hadi mguu. Ile sifa ya tatu ndiyo ninayoipenda. Mlinzi mkubwa mno kukaguliwa anabaki kuwa mtu mwingine wa kumtilia shaka.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu miaka hiyohiyo na sisi tulikuwa na swali letu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 Hazina ilijaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine, na haikwenda vizuri: hesabu zilivurugika, fedha za kigeni zikaliwa, wataalamu walikuwa wa kuazima. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Aliyeihitaji kweli alipaswa kuomba kibali maalumu, na marufuku hayo yalidumu hadi miaka ya 1990.

Vijana wa teknolojia husimulia marufuku ya 1974 kama kichekesho. Mimi sicheki. Ukizitazama tarehe, Anderson 1972 na Dar es Salaam 1974, unaona serikali mbili mbele ya mashine ileile zikiuliza kitu kilekile: huyu tutamwaminije? Moja ilikuwa na fedha za kulipa watu wakae miaka 10 kutafuta jibu. Nyingine haikuwa nazo, ikafunga mlango. Gharama ya kufunga mlango ni kwamba ulimwengu ulipogawa mashine kwa madaraja, sisi tulikuwa na madaraja mawili tu: ya kuingia na ya kutoingia. Tulipofungua, tulikuta madaraja yameshapangwa na wengine, kwa hofu zao wao.

Na hofu zao zilikuwa za namna gani? Za masijala. Aliyewahi kufanya kazi serikalini atanielewa haraka. Kuna masijala ya wazi na kuna masijala ya siri, na faili huvaa muhuri wake. Mwaka 1973 David Elliott Bell na Leonard LaPadula waliigeuza masijala hiyo kuwa hisabati. Kanuni ya kwanza ni rahisi: mwenye kibali cha chini hasomi faili la juu. Kanuni ya pili ndiyo iliyomtesa ndugu yangu: mwenye kibali cha juu haandiki kwenye faili la chini.

"Sasa bosi azuiwe kuandika kwenye faili la kawaida kwa nini?" aliniuliza. "Si bosi huyo?"

Kwa sababu bosi hayuko peke yake. Ndani ya kompyuta bosi haandiki kwa mkono, anaandikiwa na programu. Sema amepewa programu nzuri ya kupanga ratiba, na ndani yake mtu kaficha kazi nyingine ya kimyakimya: kunakili anachokisoma bosi na kukiweka kwenye faili ambalo tarishi anaweza kulifungua. Bosi ni mwaminifu kabisa. Programu yake siyo. Daniel Edwards wa NSA ndiye aliyeupa ujanja huo jina la farasi wa Troya, ndani ya ripoti ileile ya Anderson. Kanuni ya pili haimtuhumu bosi. Inakatalia chochote kilichojificha kwenye mfuko wa koti lake. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe haihusu watu." Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Sasa madaraja yenyewe. Mtu wa Korogwe hahitaji kufundishwa maana ya kupanga madaraja. Ngombezi na mashamba mengine ya mkonge, jani linapita korona, singa zinaanikwa, zinapigwa brashi, halafu zinachambuliwa: hii ya kwanza, hii 3L, hii UG, kisha zinafungwa marobota. Mchambuzi anatazama urefu, rangi na usafi. Mnunuzi wa mbali hakuona shamba, haoni mvua, anaona alama ubavuni mwa robota na anaiamini.

Kitabu cha Chungwa kilitaka kuifanyia kompyuta jambo hilohilo. Kiliweka D chini kabisa, yaani iliyojaribiwa ikashindwa kufika popote. Kisha C1, ambapo mwenye faili anaamua mwenyewe nani alione. Kisha C2. Kisha B1, ambapo muhuri wa siri unagandishwa kwenye faili na mwenye faili hawezi kuubandua hata akitaka. B2 na B3 zinachimba zaidi ndani ya ujenzi wa mashine: kutafuta njia za vichochoro ambazo siri inaweza kupenya, kuhakikisha mtumiaji anapoandika nywila anazungumza na mfumo wenyewe na si kinyago, kupunguza mlinzi wa Anderson mpaka akaguliwe. Na A1 juu kabisa.

Wanafunzi hukazania A1 kwa sababu ni kileleni. Mimi naona C2 ndiyo yenye maana kubwa zaidi kwa maisha yetu, na ndiyo mnayoipita mbio. C2 inadai kila mtu awe na jina lake ndani ya mfumo, na kila alilofanya liandikwe kwa jina hilo. Inadai pia kwamba nafasi ya kumbukumbu iliyotumiwa na mmoja isipewe mwingine ikiwa na mabaki ya yule wa kwanza, kama vile unavyosuuza kikombe kabla ya kumpa mgeni. Ni mambo madogo. Lakini ingia ofisi yoyote, za umma na za watu binafsi, utakuta watu 6 wanaingia kwenye mfumo mmoja kwa nywila moja iliyobandikwa chini ya kibodi. Fedha zikipotea, kumbukumbu inasema "admin" kafanya. Admin ni nani? Ni sote, yaani si yeyote. Mfumo huo unaweza kuwa umenunuliwa kwa mamilioni na una uwezo wote wa C2 ndani yake. Ofisi yenyewe iko kwenye D.

A1 sasa. Hili huulizwa, na jibu lake huwashangaza watu: mashine ya A1 haifanyi kitu chochote ambacho ya B3 haikifanyi. Kazi ni zilezile. Kilichozidi ni ushahidi. Usanifu wake umeelezwa kwa lugha rasmi ya hisabati na kuthibitishwa, na hata safari yake kutoka kiwandani hadi kwa mteja inalindwa isije ikabadilishwa njiani. Yaani daraja la juu kabisa halikuwa la nguvu, lilikuwa la uthibitisho. Kampuni ya Honeywell ilipata A1 ya kwanza mwaka 1984 kwa mfumo wake wa SCOMP. Mfumo mashuhuri wa Multics ulipata B2 mwaka 1985. Kampuni ya Digital ilihangaika karibu miaka 10 kujenga kiini cha usalama cha kompyuta zake za VAX kwa shabaha ya A1, kikawa kinafanya kazi kweli, halafu mwaka 1990 ikaufuta mradi. Wanunuzi hawakutosha, na sheria za Marekani za kuuza teknolojia nje zilikuwa nzito. Robota bora kuliko yote lilibaki ghalani.

Wakati huohuo serikali ya Marekani iliagiza mwaka 1987 kwamba mifumo yake inayotumiwa na wengi iwe imefika C2 ndani ya miaka 5. Watu wakaimba "C2 ifikapo 92". Na hapa ndipo cheti kilipoanza kuwa kitu cha kutafutwa kwa ajili ya cheti. Mwaka 1995 Windows NT 3.5 ilipata C2, na Microsoft ilikuwa na haki ya kulitaja jambo hilo. Ila mashine iliyotathminiwa haikuwa imeunganishwa na mtandao. Mwaka 1995, intaneti inaingia kila mahali, na kompyuta iliyopewa daraja ni ile iliyokaa peke yake chumbani. Cheti hakikudanganya. Kilisema wazi kilichopimwa. Aliyesoma tangazo bila kusoma cheti ndiye aliyejidanganya.

Machungwa ya Muheza, kwa asiyejua, huiva yakiwa bado ya kijani. Mgeni wa Ulaya atayapita sokoni akitafuta yenye rangi ya chungwa. Namshukuru Mungu kwa mfano huu, maana sikuutafuta, uko njiani unapopanda basi la kwenda Tanga.

Ulaya nayo ilikuwa na mashaka yake. Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilitoa vigezo vyao, ITSEC, toleo lililoenea likiwa la 1991. Vilitenganisha maswali mawili ambayo Kitabu cha Chungwa kiliyafunga kamba moja: mfumo unafanya nini, na tuna uhakika kiasi gani kwamba unakifanya. Uhakika ulipimwa kuanzia E0 hadi E6. Kanada nayo ikawa na vyake. Mwuzaji mmoja akawa anapimwa mara 3 kwa mizani 3, jambo lisilofurahisha mtu yeyote mwenye kiwanda. Mwaka 1996 wakatoa toleo la kwanza la Vigezo vya Pamoja, na mwaka 1999 vikawa kiwango cha kimataifa namba 15408. Ngazi zake ni EAL1 hadi EAL7.

Kwa mtihani, ndugu yangu anatakiwa akumbuke kwamba EAL haipimi ulinzi. Inapima kina cha ukaguzi. Mwuzaji anaandika waraka wa kusema bidhaa yake inalinda nini, dhidi ya nani, katika mazingira gani, na wakaguzi wanapima kama waraka huo ni wa kweli. Ukiandika kwamba mlango wako unazuia kuku, na ukakaguliwa kwa kina kabisa, utapata namba ya juu kwa kuzuia kuku. Chui hayumo kwenye waraka.

Mfano upo, na tarehe zake zinauma. Oktoba 2002 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikifuta rasmi Kitabu cha Chungwa. Mwezi huohuo Windows 2000 ikapata EAL4, ngazi ambayo wengi waliiona kama kilele cha bidhaa za kawaida sokoni. Agosti 2003, hata mwaka haujatimia, kirusi cha Blaster kilisambaa duniani kikipita kwenye kasoro ya Windows 2000 na XP. Je, wakaguzi walilala? Hapana. Vigezo vilivyotumika vilichukulia kwamba watumiaji si maadui na kwamba mfumo unasimamiwa vizuri. Ndani ya dunia hiyo ya watu wema, EAL4 ilikuwa ya haki.

Niruhusuni niingie kwenye lugha, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Jina la kile kitabu kwa Kiingereza linatumia neno ambalo wafasiri wetu hulitafsiri haraka kama "inayoaminika". Si sahihi, na Kiswahili kinatupa silaha ya kuonyesha kwa nini. Kuaminika ni sifa ya kitu chenyewe: anastahili kuaminiwa, hata kama hakuna anayemwamini. Kuaminiwa ni jambo analotendewa: watu wamemwamini, awe anastahili au hastahili. Tapeli anaaminiwa. Bila kuaminiwa hana kazi. Kitabu cha Chungwa kilizungumzia mifumo inayoaminiwa, yaani ile ambayo ikikusaliti umekwisha, kwa sababu umeshaweka siri zako mikononi mwake. Madaraja yote, kuanzia D hadi A1, yalikuwa jaribio la kupima umbali kati ya -aminiwa na -aminika. Waandishi wa Kiingereza wamehitaji kurasa nyingi kuufafanua umbali huo. Sisi tumeuweka kwenye silabi za mwisho wa kitenzi, halafu tunausahau tunapoandika zabuni.

Naam, zabuni. Nchi kadhaa zimetia saini makubaliano ya kutambua vyeti vya Vigezo vya Pamoja. Baadhi hutoa vyeti, nyingine huvipokea tu. Ethiopia imo upande wa wanaopokea. Tanzania na Kenya hazimo. Lakini vitu vilivyopimwa vinatufikia hivyohivyo, maana namba za EAL huandikwa kwenye vipeperushi vya kadi, chipu na vifaa vya mitandao. Tumetoa pasipoti za kielektroniki tangu Januari 2018. Tumesajili laini za simu kwa alama za vidole, foleni zile za mwisho wa 2019 na Januari 2020 nani kazisahau? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake. Alama ya kidole ya bibi aliyepanga foleni Korogwe akitoka milimani imelala ndani ya mfumo fulani, na bibi hakuulizwa kama anauamini. Mfumo huo unaaminiwa. Kama unaaminika, hilo ni swali la mtu mwenye elimu kama anayoitafuta ndugu yangu.

Kwa hiyo sikumshauri akariri kidogo. Akariri: C2 ni uwajibikaji wa mtu mmojammoja, B1 ni mihuri, B2 ni ujenzi na vichochoro, B3 ni mlinzi anayekagulika, A1 ni uthibitisho. Mtihani ni mtihani. Ila nilimwambia pia kwamba ile nyaraka ya mwuzaji, inayosema bidhaa inalinda nini na dhidi ya nani, kwa bidhaa nyingi zenye cheti imewekwa wazi kwenye intaneti, inasomwa bure na yeyote. Hakuna masijala ya siri hapo.

Juzi usiku akapakua moja, ya kifaa cha mtandao anachokifunga kila siku kwa wateja. Kurasa nyingi, kwa mtandao wa kule ilichukua muda. Alinipigia saa 5 usiku. Alikuwa ameruka maelezo yote ya ufundi akaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mambo yanayochukuliwa kuwa kweli, akaanza kunisomea, akifasiri kadiri anavyosoma: kifaa kimefungwa mahali penye ulinzi, msimamizi amefundishwa, si mzembe wala hana nia mbaya, masasisho yanawekwa kwa wakati.

"Dada," akasema, "cha wiki iliyopita nimekifunga juu ya kabati la stoo, karibu na ndoo."

Nikamwuliza funguo za stoo anakaa nazo nani. Akaanza kuhesabu majina.